Mkono au kichwa, chai au kileo: adabu ipi uichague ukiwa China

Mtu anayefunga safari kwenda Guangzhou au Yiwu kufuata mzigo huwa amekwisha kuulizia nauli, viza, hoteli na wakala wa kontena kabla hajaulizia adabu, na akija kuiulizia hupewa orodha ya makatazo: usifanye hiki, usiguse kile. Orodha za namna hiyo zina manufaa yake, lakini humwacha msafiri njia panda, kwa sababu mara nyingi mbele yake huwa na mambo mawili au matatu ambayo yote yanaruhusiwa, naye hajui lipi linamfaa yeye, mgeni kutoka Mombasa au Kariakoo, pengine Mwislamu, asiyejua Kichina zaidi ya salamu. Hapa nimeyaweka mambo hayo ubavu kwa ubavu, nikayapima kwa maswali matatu: Mchina wa kawaida anaisomaje ishara hiyo, ni rahisi kiasi gani kuikosea, na je, inagongana na desturi au dini ya mtu wa kwetu?

Salamu ya kwanza

Salamu za mwili ambazo mgeni anaweza kuzichagua ni tatu: kupeana mkono, kuinamisha kichwa kidogo, na kufumbata mikono mbele ya kifua, ambako Wachina hukuita gongshou.

Kupeana mkono ndiko kulikoenea maofisini, viwandani na kwenye maonesho ya biashara, ila kunatofautiana na kwetu kwa jambo moja kubwa. Huko mkono hushikwa kwa wepesi, hutikiswa mara moja au mbili, kisha huachiwa. Sisi tuna mazoea ya kuushikilia mkono wa mwenzetu huku tukiulizana habari za nyumbani, za watoto na za safari mpaka salamu iishe. Mchina asiyetuzoea akishikiliwa hivyo huanza kuutazama mkono wake kama mtu aliyeazimisha kitu na hajui atarudishiwa lini. Kuinamisha kichwa ni kushusha kidevu tu, si kukunja kiuno kama wafanyavyo Wajapani, na ni salamu kamili inayojitosheleza. Kwa hiyo Mwislamu asiyepeana mkono na mtu wa jinsia nyingine hana haja ya kujieleza kwa maneno mengi: akiinamisha kichwa akatabasamu, amekwisha kusalimu.

Gongshou ina sheria zake. Mwanamume hufunika mkono wa kulia kwa wa kushoto, mwanamke hufanya kinyume, na msibani mpangilio huo hugeuzwa. Mgeni anayeifanya siku za Mwaka Mpya wa Kichina huwafurahisha watu hata akikosea, lakini akiifanya Jumanne ya kawaida mbele ya mwenye kiwanda huonekana kama ametoka jukwaani. Tena kuna watu wa rika langu, tuliolelewa na filamu za kung fu katika vibanda vya video, ambao hudhani kugonga ngumi ya kulia kwenye kiganja cha kushoto ndiyo salamu ya Wachina wote. Hiyo ni salamu ya wanamichezo ya mapigano. Kuunganisha viganja kama mtu aombaye nako kumefungamana na hekalu la Kibudha, hakutumiki dukani.

Chaguo langu ni mkono mwepesi unaoambatana na kuinamisha kichwa, ukianza na mkubwa wa cheo au wa umri, jambo ambalo mtoto yeyote wa pwani amelelewa nalo. Kwa mwanamke, subiri yeye autoe mkono kwanza. Kukumbatiana na busu la shavuni viache kabisa, hata kama mmefanya biashara miaka mitano.

Kuna pia salamu ya mdomo inayowachanganya wageni: "chi le ma", yaani "umekula?", ambayo bado husikika hasa kwa wazee. Kwetu mtu akikwambia "karibu chakula", nusu ya maneno yake huwa ni kweli, na ukinawa mikono hatashangaa. Swali la Mchina si mwaliko. Jibu kwamba umekula, hata kama tumbo linanguruma.

Jina la kumwita mtu

Kichina kina "ni" na "nin", na zote mbili maana yake ni "wewe", ila ya pili ni ya heshima. Wengi wetu huikimbilia "nin" kwa kuifananisha na shikamoo, na mfanano huo ni wa nusu tu, kwa sababu shikamoo humdai mkubwa ajibu marahaba, ilhali "nin" haidai jibu lolote. Ukiwa na shaka itumie, hasa kaskazini. Kusini haitumiki sana, lakini hakuna atakayekasirika kwa kuheshimiwa.

Mzigo mkubwa uko kwenye jina. Jina la ukoo hutangulia, hivyo mtu ambaye kadi yake inaanza na Wang ni Bwana Wang, na jina linalofuata ni la wazazi na marafiki zake. Hapo una njia nne. "Wang xiansheng" ni Bwana Wang, salama mahali popote. "Wang zong" ni Wang mkurugenzi, kifupisho cha cheo cha meneja mkuu, nalo humpendeza mwenye kampuni. "Laoban" ni bosi, na masokoni Yiwu kila mmoja ni laoban, muuzaji na mnunuzi sawia, kama vile Kariakoo kila mteja alivyo "bosi wangu". "Shifu" ni la dereva na fundi. Mimi ningechagua laoban kibandani, cheo pamoja na jina la ukoo ofisini, na shifu ndani ya teksi. Neno la kuepuka ni "xiaojie" kwa msichana usiyemjua: vitabu vya zamani vya lugha hulifundisha kuwa ni "binti" kwa heshima, lakini katika sehemu nyingi za China bara limekuja kuhusishwa na wanawake wanaouza miili yao.

Wazee ndio wepesi kuliko wote kwa Mswahili. Mchina humwita mzee asiyemjua babu, bibi, mjomba au shangazi kwa lugha yake: "yeye", "nainai", "shushu", "ayi". Mzungu hulazimika kujifunza desturi hiyo. Wewe unabadilisha maneno tu.

Mkono mmoja au miwili

Kwetu suala ni mkono upi, wa kulia au wa kushoto, kwa sababu kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumdharau. Kwa Mchina suala ni mikono mingapi. Kadi ya biashara, zawadi, kikombe cha chai cha mkubwa na karatasi ya mkataba hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili, maandishi yakimwelekea mpokeaji, naye huisoma kadi kabla ya kuiweka. Mkono wa kushoto peke yake hauna najisi huko, hivyo muuzaji akikurushia chenji kwa kushoto usikunje uso. Ukichagua mikono miwili umezitimiza adabu zote mbili kwa mpigo, maana wa kulia umo ndani yake.

Siku hizi kadi zimepungua na watu huunganishwa kwa kuskani msimbo wa WeChat, programu ya simu ambayo Wachina huitumia kuandikiana na kutumiana pesa. Hapo pia kuna mkubwa na mdogo: ni uungwana mdogo kujitolea kuuskani msimbo wa mkubwa, badala ya kumwonyesha simu yako ili yeye ahangaike.

Vidole vya bei

Hapa ndipo pesa zinapopotea, na ndiyo maana nalitazama jambo hili kwa karibu. Mchina huhesabu mpaka kumi kwa mkono mmoja. Moja hadi tano hazina tatizo. Sita ni dole gumba na kidole cha mwisho vilivyonyooshwa, ishara ambayo kwetu ni "nipigie simu". Saba ni ncha za dole gumba, cha shahada na cha kati zilizokutana, kama mtu aokotaye chumvi. Nane ni dole gumba na cha shahada vilivyotanuliwa mfano wa bastola. Tisa ni cha shahada kilichokunjwa kama ndoana. Kumi ni ngumi, au vidole viwili vya shahada vilivyopishana.

Sasa mfikirie mnunuzi amesimama mbele ya kibanda cha vibanio vya nywele. Anauliza bei kwa kunyanyua nyusi. Muuzaji, mdomoni akiwa na kibanio cha mfano, ananyoosha dole gumba na cha shahada. Mnunuzi anaona vidole viwili, anasoma yuan mbili, moyo unamruka, anaagiza dazeni mia. Kalkuleta inapotolewa inaonyesha nane. Kuanzia hapo yeye hudhani ametapeliwa, na muuzaji hudhani mteja anavunja neno alilolikubali kwa kichwa.

Njia tatu ziko mbele yako, basi: kujibu kwa vidole, kujibu kwa mdomo, au kushika kalkuleta. Mdomo ni wa hatari zaidi kwa anayeanza, kwani nne ni "si" na kumi ni "shi", na Wachina wengi wa kusini hawazitofautishi vizuri wao kwa wao, seuze mgeni. Vidole vinafaa kusomwa, havifai kutegemewa. Ushauri wangu ni kujifunza ishara hizo uzielewe upesi zinapopita mbele yako, halafu kila nambari inayohusu fedha uiandike kwenye kalkuleta na muuzaji aitazame. Huo si utovu wa adabu hata kidogo. Kalkuleta ndiyo lugha ya soko.

Ishara mbili nyingine ni ndogo. Kumwita mtu, geuza kiganja kiangalie chini kama tufanyavyo sisi. Kuita kwa kidole kilichokunjwa juu ni dharau pande zote mbili za bahari. Na Mchina anayegusa pua yake anasema "mimi?", pale ambapo wewe ungegusa kifua.

"Hapana" ya namna gani

Mchina mwenye adabu hasemi hapana kwa mtu anayemheshimu, kwa sababu hapana kavu humvunjia mwenzake uso, kwa Kichina "mianzi", ile hadhi ambayo mtu huivaa mbele ya wengine. Husema "kaolü kaolü", tutalifikiria, au "bu tai fangbian", haitakuwa rahisi sana. Mswahili aliyewahi kuambiwa "tutaangalia" na mwenye nyumba hahitaji kamusi hapo.

Uamuzi hutegemea unachokikataa. Bei ikatae waziwazi, kwa kicheko. Kutokubaliana bei ni mchezo unaojulikana, na hakuna anayepoteza uso. Mwaliko ukatae kwa upole, ukitaja sababu, na sababu ya mwili au ya dini hupokelewa vizuri kuliko ya kukosa muda. Kasoro ya bidhaa itaje faraghani: ukilalamika mbele ya vijana wake wa kazi, mwenye kiwanda atayatetea makosa ambayo mkiwa wawili angeyarekebisha kimyakimya. Na akikwambia tarehe ya kumaliza oda "haina shida", omba iandikwe, kwa kuwa maneno hayo yanaweza kuwa ahadi na yanaweza kuwa heshima tu.

Mezani

Meza ndiyo shule kubwa ya adabu za Kichina. Kiti kinachoutazama mlango ni cha heshima, kwa hiyo simama mpaka uonyeshwe pako. Kuhusu vijiti, chaguo ni baina ya vijiti, kijiko na mkono, nami nasema jaribu vijiti kidogo kisha omba kijiko bila haya. Hakuna anayedharau kijiko. Lisilosamehewa kirahisi ni kuchomeka vijiti wima katika bakuli la wali, maana hivyo ndivyo vijiti vya ubani vinavyosimamishwa mbele ya marehemu.

Kileo ni mjadala mzito zaidi. Mwenyeji hunyanyua kikombe kidogo cha baijiu, pombe kali ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa mtama, na kusema "ganbei", kausha kikombe. Mnywaji anaweza kuitikia na kukausha, anaweza kujibu "suiyi", kila mtu kwa kadiri yake, akaonja tu, au asinywe kabisa. Ganbei hujenga urafiki haraka, lakini kila mtu mezani atataka zamu yake, na wao ni wanane, wewe ni mmoja. Suiyi humfaa mnywaji mwenye kiasi, ingawa haipokelewi na kila mwenyeji.

Asiyekunywa asidhani yuko pembeni. Kichina kina msemo uliokwisha kuzoeleka, "yi cha dai jiu", chai badala ya pombe, nao huhesabiwa kuwa kitendo kamili cha heshima. Sharti lake ni kuutamka tangu kikombe cha kwanza. Ukikubali kimoja "kwa ajili ya heshima" kisha ukakataa cha pili, cha pili kitasomeka kama chuki kwa aliyekimimina. Nyanyua chai yako kwa mikono miwili, shusha ukingo wa kikombe chako chini ya ukingo wa kikombe cha mkubwa mnapogonganisha, kisha unywe. Kwa Mwislamu hili ndilo chaguo, na hata kwa Mkristo mwenye ratiba ya viwanda kesho yake asubuhi naliona bora. Chakula nacho tafuta mgahawa wenye neno "qingzhen", yaani halali. Yale maduka ya tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou mara nyingi huendeshwa na Waislamu, na kumpeleka mwenyeji huko ukalipa wewe ni njia nzuri ya kuondoa suala la nguruwe bila kumkatalia chakula chake.

Guangzhou utaona jambo lingine. Mtu akimiminiwa chai, hagutuki wala hakatizi mazungumzo. Hukunja vidole viwili na kugonga meza mara mbili tatu karibu na kikombe. Huo ni mkono unaosema ahsante. Husimuliwa kwamba mfalme Qianlong, aliyetawala karne ya 18, alisafiri kusini akiwa amejificha, akawamiminia chai watumishi wake, nao wasiweze kupiga magoti bila kumfichua, wakapigisha vidole magoti badala yao. Kisa hicho kiwe kweli au porojo, ishara ipo, na pale nyumba ya chai kifuniko cha birika kilichowekwa upande humwambia mhudumu kwamba maji yamekwisha. Guangzhou na Hong Kong chagua kugonga vidole. Beijing sema "xiexie", kwani huko ishara hiyo haina mizizi ya namna hiyo.

Kumaliza chakula au kubakiza? Zamani jibu lilikuwa kubakiza, kwa kuwa sahani tupu humwaibisha mwenyeji kana kwamba hakuagiza cha kutosha. Lakini mwaka 2021 China ilitunga sheria ya kuzuia upotevu wa chakula, ambayo inaruhusu mgahawa kumtoza mteja anayeacha chakula kupita kiasi, na kauli imebadilika. Maliza kilichomo bakulini mwako, acha kidogo katika sahani za katikati, na usishangae kinachobaki kikifungwa na kupelekwa nyumbani. Bili nayo utaona ikigombewa kwa kuvutana mikono hasa. Jitolee mara mbili, shindwa, kisha uwaalike siku nyingine. Kugawana kwa hesabu mbele ya mtu mzima ni kumwambia hamdaiani tena.

Zawadi na bahasha

Saa ya ukutani, mwavuli, peasi, viatu na kofia ya kijani viondoe kwenye orodha. Kumpa mtu saa ya ukutani, "song zhong", hutamkwa sawasawa na kumsindikiza mtu kwenye mauti. Mwavuli na peasi husikika kama kutengana. Na mwanamume mwenye kofia ya kijani ni yule ambaye mkewe ana mtu wa nje. Saa ya mkononi haimo katika mwiko huo, maana neno lake ni jingine.

Linganisha zawadi nne za kwetu: kahawa ya Kilimanjaro, chai ya Kericho, korosho na kanga. Chai ni salama lakini unampelekea samaki mvuvi. Kahawa humfaa kijana wa mjini kuliko mzee. Korosho hugawiwa ofisi nzima, nazo hazihitaji maelezo. Kanga, kwa mwanamke mwenye duka, naiweka juu ya zote, kwa sababu huuzwa kwa doti, vipande viwili, na Wachina hupenda jambo la heri lije kwa jozi. Chagua nyekundu au ya dhahabu, si nyeusi na nyeupe, halafu soma jina lake kabla ya kununua: utatakiwa kulitafsiri, na kanga yenye fumbo la mke mwenza si ya kumpa mshirika wa biashara. Itoe kwa mikono miwili. Ataikataa mara mbili, naye ataiweka kando bila kuifungua, na yote mawili ni adabu.

Ukialikwa harusini, bahasha nyekundu ndiyo zawadi, yenye kiasi cha shufwa kisicho na nne, kwa kuwa neno la nne hufanana na la kifo. Nane hupendwa kwa kusikika kama kutajirika. Msibani bahasha ni nyeupe na kiasi huwa witiri. Baina ya bahasha ya karatasi na ya WeChat, ya simu inatosha kwa salamu za Mwaka Mpya, lakini kila moja ina kikomo cha yuan 200, hivyo harusini peleka karatasi.

Kuagana

Mwenyeji atakusindikiza mpaka kwenye lifti au mpaka barabarani, akisema "man man zou", nenda polepole. Unaweza kukubali kimya, au kumzuia kwa "qing liu bu", tafadhali ishia hapo. Mzuie mara moja tu. Atakuja vilevile, nawe umwache aje, kama vile kwetu mgeni haachiwi mlangoni. Gari likiondoka teremsha kioo ugeuke kumpungia, kwani yeye bado amesimama pale pale akisubiri mpotee kwenye kona.